Makoa Watatu Katika Chupa Moja

Barua ya mhariri ilikuwa fupi na yenye adabu, na barua za namna hiyo ndizo za kuogopwa. Ilisema wahakiki wawili wameyasoma maelezo ya makoa wa baharini kwa furaha kubwa, mmoja wao hajaona kazi safi kama ile kwa miaka mingi, na kuna jambo dogo tu. Bi Lebo aliisoma akiwa amesimama katikati ya stoo ya makumbusho, miwani ikimning'inia puani, na alipofika kwenye "jambo dogo tu" akavuta kiti akakaa. Alikuwa amefanya kazi na wasomi miaka ishirini na sita. Msomi akikwambia jambo ni dogo, jiandae kubeba gunia.

Jambo lenyewe lilikuwa picha ya gamba. Mchoro wa penseli ni mzuri sana, mhariri aliandika, lakini mchoro peke yake haukubaliki kuwa shahidi. Wapige picha gamba lenyewe, waitume ndani ya siku sitini, na jenasi mpya itachapishwa.

"Picha tu," Bi Lebo aliiambia stoo tupu. "Hilo nalo jambo."

Bi Lebo lilikuwa jina la kazini. Yeye ndiye aliyeandika lebo ya kila kiumbe kilicholala kwenye chupa mle ndani, kwa penseli, herufi ndogo zilizosimama wima kama askari wa gwaride, na ukirudisha chupa bila lebo angeweza kukununia wiki nzima. Yeye hakusoma sana. Aliyesoma ni dada yake mkubwa, ambaye jengo zima lilimwita Daktari, bingwa wa makoa wa baharini, na ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi ile. Wenye midomo walisema ameingizwa kwa mlango wa nyuma. Hawakukosea. Stoo ilikuwa na mlango mmoja tu, na ulikuwa nyuma.

Sasa Daktari alikuwa kitandani mwaka wa tatu. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na sauti, kikamwachia akili yake yote na mkono wa kushoto, ambao kwa bahati ndio aliokuwa akiutumia maisha yake yote. Nyumbani walikuwa wamekubaliana naye: akibana mara moja ni ndiyo, akibana mara mbili ni hapana. Mwezi uliopita kilikuja kiharusi cha pili, kidogo, na mganga wa hospitali akamwita binti yake Daktari pembeni, akamwambia wasiweke mipango ya mbali. Binti naye ni mtu wa hospitali, fundi wa eksirei, kwa hiyo hakuhitaji kutafsiriwa maneno hayo. Alikuja akamwambia mama yake mdogo jikoni, huku akiosha kikombe kilichokuwa safi.

Ndiyo maana siku sitini za mhariri zilikuwa nyingi na pia zilikuwa chache. Bi Lebo alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuiweka ile kazi iliyochapishwa mbele ya macho ya dada yake, macho hayo yakiwa bado yanaona.

Koa wa baharini, kwa asiyemjua, ni konokono aliyekataa kubeba nyumba. Anazaliwa na gamba, akikua analitupa, anabaki mwili mtupu wenye rangi za kujidai. Lakini makoa watatu ambao Daktari aliwaokota chini ya jiwe moja, siku maji yalipokupwa sana, walikuwa na siri yao. Alipompasua mmoja alikuta gamba. Lilikuwa limefichwa mgongoni ndani ya kifuko cha ngozi, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga, jembamba hata pumzi ilitosha kulisogeza. Jamaa zake wote wanaojulikana hawana. Kwa gamba lile koa huyu hakuwa tu mtoto mwingine katika nyumba ya zamani. Alikuwa anajenga nyumba yake, jenasi yake mwenyewe. Bila gamba alikuwa koa wa kawaida mwenye madoa, wa aina iliyokwisha kupewa jina kabla bibi yake Bi Lebo hajazaliwa.

Na jina la jenasi Daktari alikwisha kulichagua. Lilikuwa jina la mama yao, limefungwa mkia wa Kilatini ili lipokelewe na wakubwa. Mama huyo alifua nguo za watu mpaka vidole vikapinda, akasomesha mabinti wawili, mmoja akafika na mwingine akachoka njiani. Jina lake halikuwahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye kadi ya kliniki. Sasa lingeingia katika orodha ya viumbe wa dunia nzima, mahali ambapo jina likishaingia halifutwi kwa sababu mtu fulani amekufa au mtu fulani hapendi.

Bi Lebo ndiye aliyeikamilisha kazi hiyo. Ilimchukua miaka miwili kuyachapa madaftari ya dada yake kwa vidole viwili, akimsomea kila sentensi kitandani na kungoja mkono ubane. Kulikuwa na siku walizoshinda kwenye sentensi moja kuhusu safu za meno ya ulimi, anasoma, mkono unabana mara mbili, anabadilisha, mara mbili tena, mpaka Bi Lebo akasema, "Dada, kama unataka kunifukuza kazi sema tu," na nusu ya uso wa Daktari ikacheka.

Jioni ya barua alimsomea yote, hata zile sifa.

"Wanataka picha ya gamba. Niifungue chupa?"

Mkono ukabana mara moja. Kisha Daktari akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu: aliugeuza mkono juu ya shuka, akafungua kiganja, akakiacha wazi.

Ilikuwa tabia yake ya siku zote, na wanafunzi wake wengi iliwatoa jasho. Ukimjia mbio na habari kwamba umeona hiki au umekuta kile, hakukuuliza swali hata moja. Alinyoosha mkono wa kushoto, akafungua kiganja, akangoja. Maana yake ni weka hapa nione. Kama huna cha kuweka alikwambia, "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu," kisha akarudi kwenye hadubini. Alimfanyia hivyo hata mkurugenzi.

"Nitakuletea," alisema Bi Lebo. "Nikishapiga picha tu, nakuletea ulishike mwenyewe."

Chupa ilikuwa rafu ya nne, nyuma ya kaa. Hakuna aliyeifungua tangu Daktari augue, na Bi Lebo mwenyewe alikuwa akiipangusa vumbi tu na kuipita, kama mtu anavyopita chumba cha mgonjwa. Ndani walilala makoa wawili wazima na vipande vya yule wa kwanza, na katikati yao kichupa chembamba kilichozibwa kwa pamba. Humo ndimo Daktari alimoliweka gamba alilolitoa.

Asubuhi iliyofuata aliiweka juu ya meza chini ya taa, akanawa mikono, akafungua. Harufu ilimpanda puani ikamchoma macho. Alisita kidogo, maana spiriti ya kuhifadhia hainuki hivyo, lakini alikuwa na haraka na mkono ulikuwa umekwisha kuingia na kibano. Akakitoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga. Aliona maji na pamba. Akaichambua pamba uzi kwa uzi chini ya hadubini, akayamwaga yale maji kwenye sahani ya kioo na kuyakagua kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakukuwa na kitu.

Bado hakuogopa. Gamba jembamba hivyo linaweza kupotea, alijiambia, labda Daktari alilitoa akaliweka pengine. Wazima si wapo wawili? Akamchukua mmoja, akamlaza kwenye nta, akambana kwa pini. Hakuwa amesomea kupasua, ila alikuwa amesimama nyuma ya bega la dada yake mara elfu moja, na mkasi ulimtii. Alikata ngozi ya mgongo taratibu, akaifunua upande na upande. Kifuko alikikuta, pale pale mchoro ulipoonyesha, cha umbo lile lile la ukucha. Kilikuwa kitupu na safi, kama mfuko wa koti lililotoka kufuliwa.

Hapo ndipo alipoitafuta kadi.

Daktari aliwawekea sheria mle stooni: anayeongeza maji kwenye chupa yoyote aandike tarehe na aina ya maji kwenye kadi, aidumbukize humo humo ndani. Bi Lebo aliisimamia sheria hiyo kuliko aliyeitunga. Aliivuta kadi kwa kibano, akaiweka kwenye mwanga, na mwandiko wa mwisho aliousoma ulikuwa wa herufi ndogo zilizosimama wima. *Formalini. Unga kesho.*

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikaa akiutazama mwandiko wake, na siku ile ikamrudia nzima.

Ilikuwa siku ya kiharusi. Asubuhi Daktari alipitia stoo na mkoba begani, akasema akiwa mlangoni, "Mdogo wangu, ile chupa yangu imepungua, niangalizie." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwake, ingawa hakuna aliyejua. Saa sita alianguka kwenye korido. Wakati wanamshusha ngazi kwa machela, Bi Lebo alikumbuka chupa. Watu wengine wakichanganyikiwa hulia. Yeye alikumbuka alichotumwa. Akakimbia stoo. Spiriti ilikuwa imefungiwa ofisini kwa mkurugenzi, tangu ilipogundulika kwamba chupa za nyoka hupungua kila mlinzi fulani anaposhika zamu. Mlinzi alijitetea kwamba ni joto, mpaka nyoka mmoja alipokutwa mkavu kama mkanda. Mwenye ufunguo alikuwa likizo. Pembeni lilikuwepo pipa la formalini ya zamani. Bi Lebo alilijua tatizo la pipa lile: formalini ikikaa miaka bila kutiwa unga wa kuituliza inakuwa kali kama siki, na unga ulikuwa ghorofa ya pili. Chini gari la hospitali lilikuwa linapiga honi. Akamimina, akaandika kadi, akakimbia. Unga angetia kesho.

Kesho yake alikuwa hospitali. Na kesho kutwa, na miezi mitano iliyofuata. Aliporudi kazini alikuwa mtu mwingine, na chupa kwa nje ilionekana imejaa vizuri.

Umewahi kulaza yai kwenye siki? Ukilitazama baadaye ganda halipo, umebaki utando. Daktari mwenyewe aliwaonyesha jambo hilo watoto wa shule waliotembelea makumbusho, kila mwaka, na Bi Lebo ndiye aliyebeba yai. Basi makoa walihifadhika vizuri ajabu, wamenenepa, hata vishina vya pembe zao vilikuwa vimesimama. Rangi na madoa tu ndivyo vilivyokwenda. Rangi, na kile kitu kimoja kilichohitajika.

Alibaki na koa wa tatu, na kwa huyo hakuthubutu kushika mkasi. Alimfunga ndani ya kopo akampeleka hospitali kwa binti wa dada yake.

"Mgonjwa wako analalamikia nini?" binti aliuliza alipoona kilichomo. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulikuwa umempungukia mwaka ule.

"Mpige mgongo. Nataka kuona kama ana gamba."

Wakamlaza koa kwenye sahani ya mashine, mahali ambapo watu huegemeza vifua vyao, na Bi Lebo akaweka pini pembeni yake ili ukubwa ujulikane. Binti akafunga mlango mzito, akabonyeza. Picha ikatokea kwenye kompyuta, nao wakainamisha vichwa pamoja. Pini ilionekana wazi, nyeupe, hata kichwa chake. Pembeni mwa pini palikuwa na kivuli laini chenye umbo la koa, na ndani ya kivuli hapakuwa na kitu.

"Labda nishushe nguvu kidogo," binti alisema. Akashusha, akapiga tena, akapiga mara nne. Pini ilizidi kupendeza.

"Basi, mwanangu. Muache apumzike."

Alimwandikia mhariri ukweli wote, hadi siku, pipa na unga. Alieleza pia kwamba hawezi kwenda kutafuta makoa wengine kwa sababu mwamba walikookotwa siku hizi uko chini ya zege la gati, na mahali pengine popote Daktari alipowatafuta kwa miaka tisa hakuwapata. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, nalo lilikuwa la huruma mno. Mhariri alisikitika pamoja naye. Alisema hana shaka hata kidogo kwamba Daktari aliliona gamba. Ila kwa vielelezo vilivyopo hakuna cha kumtenga koa huyu na spishi ya zamani, na kwa hiyo hakuna kipya cha kupewa jina. Kama siku moja atapatikana mwingine, mlango uko wazi.

Bi Lebo alitamani mtu huyo angekuwa mkorofi. Mkorofi unaweza kumkasirikia, ukamwandikia barua ndefu, ukamshtaki kwa mkubwa wake. Huyu alikuwa na haki, na alikuwa mwema, na hapakuwa na mahali pa kwenda kugonga. Alimwendea mkurugenzi, mkurugenzi akasema pole, akaagiza ufunguo wa spiriti uwe na nakala. Majuto ni mjukuu, husemwa, na mjukuu angalau ungemtuma dukani.

Siku hiyo alikwenda nyumbani kwa dada yake mapema, na binti alimsubiri barazani.

"Mama mdogo, mwambie wamekubali."

"Hawajakubali."

"Najua. Mwambie hivyo hivyo. Tangu juzi hali chakula, anatazama mlango tu. Anakungoja wewe." Alikuwa amekunja mikono kifuani, na hakumtazama. "Kwani utamdhuru nani?"

"Mama yako hapendi kuambiwa kitu ambacho hakipo."

"Haya, basi mwambie lililopo. Mwambie gamba lake umeliyeyusha wewe. Utaweza?"

Njia nzima Bi Lebo alikuwa akiyapanga maneno hayo, na kila alipoyapanga yalianza vizuri na kufia kwenye neno "mimi". Alikuwa na miaka hamsini na minne na aliogopa kama mtoto aliyevunja sahani ya mgeni. Hakuogopa kugombezwa. Angetoa chochote kugombezwa na sauti ile mara moja zaidi.

Chumbani dirisha lilikuwa wazi na pazia limefungwa fundo. Daktari alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, amepungua tena tangu jana, macho yake makubwa kuliko uso. Bi Lebo akakaa kwenye kiti chake cha siku zote na kuushika ule mkono wa kushoto. Ulikuwa mwepesi na mkavu.

"Dada. Barua imekuja."

Mkono ukabana mara moja. Soma.

"Nimeiacha kazini. Lakini wamekubali. Wamesema sawa, kila kitu sawa. Jina la mama linatoka."

Aliyasema kwa mkupuo, akiitazama shuka. Mkono ukabana, ukabana kweli, kwa nguvu ambayo hakujua kama bado imo, na alipoinua macho aliona nusu ya uso wa dada yake inacheka na chozi linateremka upande ule mwingine, upande ambao hauna habari. Mlangoni binti alikuwa amesimama na kitambaa mdomoni. Bi Lebo akavuta pumzi. Kwa muda mfupi sana aliona kwamba ameweza, na kwamba hata yeye angeweza kuuishi uongo huo, maana ulikuwa mtamu.

Kisha mkono ukajitoa mkononi mwake. Ukageuka polepole juu ya shuka, vidole vikafunguka kimoja kimoja, na kiganja kikabaki wazi.

Bi Lebo alikitazama. Daktari alimtazama yeye, akangoja, kama alivyongoja wanafunzi wake wote.

"Lipo stoo, dada," akasema. "Si kitu cha kutembea nacho barabarani."

Kiganja hakikusogea.

"Nitakuletea kesho."

Neno lilimtoka kabla hajalizuia, na alilisikia likisemwa kwa sauti yake mwenyewe. Binti aliondoka mlangoni. Nyayo zake zilisikika zikienda jikoni, na maji yakafunguliwa. Macho ya dada yake hayakuhama. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayefanya kazi yake, ambaye ameambiwa kitu kipo na sasa anataka kukiona, basi.

Hakukuwa na kingine cha kufanya. Bi Lebo akauweka mkono wake mwenyewe juu ya kile kiganja.

Vidole vya Daktari vikaufunika. Kwa kitambo vilitulia. Halafu vikaanza kumpapasa, taratibu na kwa uangalifu, kwenye kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, vikitafuta.